Puta la Bi Mwanaharusi

Bi Mwanaharusi alizaliwa Ngamiani, Tanga, binti wa fundi viatu, na kabla hajajua kusoma alikwishajua kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Akaolewa na Salum, fundi wa makochi, akamfuata Johannesburg. Walipata chumba cha kazi Doornfontein, chini ya ghorofa ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha makoti. Salum alipiga mbao na misumari, yeye alishona. Wakapata binti mmoja, Yasmin, wakahamia Rosettenville kwenye nyumba yenye ua, na maisha yakaenda hivyo mpaka Salum alipougua figo akafariki, Yasmin akiwa bado sekondari.

Baada ya eda, Bi Mwanaharusi alirudi karakana. Aliajiri kijana wa kupiga mbao, akaendelea kushona. Viti vya madhabahuni kwa wachungaji wa Kikongo, viti vya teksi, sofa za harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa kuomboleza hadharani. Ila jirani yake Marthe, msusi kutoka Bukavu mwenye saluni mlango wa pili, aliona jambo moja. Mwenzake alifanya kazi, alikula, alilala, lakini kwenda mahali kwa ajili ya raha tu hakwenda. Jumamosi karakana ilikuwa wazi. Jumapili pia.

"Mama Yasmin," Marthe alimwambia mara nyingi, "hata mashini inapumuzika."

"Mashine ina mafuta, shoga. Mimi nikisimama nitashika kutu."

Mapema mwaka 2016, siku moja ya mvua ya mawe, aliingia kijana mrefu akiwa ameficha simu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitwa Luqman, Mzanzibari, fundi wa ving'ora vya kuzuia wezi kwenye ofisi za Sandton. Mawe yalikuwa yakigonga bati la mlangoni hivi kwamba ilibidi wazungumze kwa kupaza sauti.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye unayeshona ngozi?"

"Marahaba, baba. Una kochi?"

"Sina kochi. Nina picha."

Akamwonyesha. Ilikuwa picha ya mchoro wa kale: mfuko mkubwa wa ngozi, mwembamba juu, mpana chini, umbo la pea, umesimamishwa uwanjani, na pembezoni umeninginizwa vikengele. Mbele yake, mbali, walisimama watu wenye vilemba wakivuta pinde.

Luqman akaeleza. Yeye na wenzake kadhaa walikuwa na kikundi cha kupiga mishale, si kwa pinde za kisasa zenye magurudumu, bali kwa pinde fupi zilizopinda ncha, za Mashariki, zile zinazovutwa kwa kidole gumba chenye pete. Walikutana Jumamosi kwenye kona ya shamba la farasi kusini mwa jiji, mwenye shamba akiwa ameridhia. Walipiga marobota ya majani yaliyobandikwa karatasi, na Luqman alikuwa amechoka na karatasi.

"Waturuki wa zamani walikuwa na hii," alisema. "Inaitwa puta. Ilisimamishwa mbali sana, macho yasikofika vizuri. Mshale ukiingia, vikengele vinalia. Mpigaji anajua amepata hata kama haoni."

Bi Mwanaharusi aliitazama picha kwa muda. "Huu ni mto," alisema.

"Mto wa kupigwa mishale, mama."

"Miaka yote hii nashona watu wakalie vizuri. Leo unataka nishone watu wapige?" Akacheka, na kicheko chake kikashinda kelele za mvua. "Iache hiyo picha. Nitaijaribu."

Alikata ngozi nene ya ng'ombe iliyobaki kwenye kazi ya viti vya mkahawa, akaishona vipande vinne, akaujaza mfuko ule kwa sponji za makochi. Uliposimama katikati ya karakana ulimfika kifuani. Marthe alikuja akiwa na kitana mkononi, akasimama mlangoni akautazama.

"Iko nini hii? Iko sawa tumbo ya mama mwenye mimba!"

"Ni puta. Inapigwa mishale."

"Yesu! Huyu mama alifanya nini?"

Luqman alipokuja kulichukua, alimsihi Bi Mwanaharusi aende nalo uwanjani. Fundi lazima awepo, alisema, kasoro ikitokea aione kwa macho yake. Bi Mwanaharusi alianza kutaja sofa ya mtu iliyokuwa inasubiri. Lakini Marthe, aliyesikia kwamba baada ya mishale watu huchoma nyama, alikwishavua aproni.

"Tunaenda," alisema. "Sofa haina miguu ya kukimbia."

Basi wakaenda, na Yasmin, aliyekuwa ameanza chuo mwaka ule, akawafuata kwa kuwa hakutaka kukosa kumwona mama yake nje ya karakana.

Aibu iliyowapata uwanjani siku hiyo bado husimuliwa. Luqman alisimama, akavuta, akaachia. Mshale ulipiga puta, likanywea, likaurusha ule mshale nyuma kama mtu atemaye kokwa. Mwenzake akapiga kwa upinde mzito zaidi, na wa kwake ukaingia mbele, ukatokea mgongoni, ukaenda kuchomeka kwenye majani. Wa tatu ukapasua mshono wa juu. Upepo ulikuwa unavuma. Vipande vya sponji vya manjano vikaanza kuruka kutoka ndani ya ule mfuko, vikatua kwenye ndevu za watu, kwenye nyama, kwenye manyoya ya farasi aliyekuwa akichungulia ng'ambo ya uzio.

Watu wakainamisha macho, wakimwonea fundi haya. Bi Mwanaharusi mwenyewe akaanza kutikisika mabega. Yasmin alidhani analia, akamkimbilia. Kumbe alikuwa anacheka, akicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, kitenge kikamlegea, machozi yakamtoka. Watu wakamwangalia, kisha nao wakashindwa kujizuia. Yasmin alisimama pale akiwa na sponji kwenye nywele, akagundua kwamba alikuwa amekisahau kicheko kile cha mama yake. Tangu baba alipougua, hakuwa amekisikia namna ile.

"Mpeni mama maji," alisema Luqman.

"Sitaki maji," Bi Mwanaharusi alisema akijipangusa. "Nataka kujua wale Waturuki walijaza nini."

Luqman alikwenda kusoma na kuuliza, akarudi na jibu: mbegu za pamba zilizochanganywa na vumbi la mbao. Vumbi la mbao Doornfontein halikuwa tatizo, kwa maana mafundi seremala walilitupa kwa magunia. Lakini mbegu za pamba, Johannesburg, zitoke wapi? Bi Mwanaharusi aliuliza wauza mbegu, akauliza wauza pamba, wote wakamshangaa. Mwishowe Marthe ndiye aliyemtajia mumewe jioni wakila ugali. Mume huyo, Gaston, alikuwa dereva wa lori la kampuni ya chakula cha mifugo.

"Mbegu ya pamba?" alisema Gaston. "Ngombe ya maziwa inakula ile kila siku. Kwa nini hamukuniuliza?"

Akanunua magunia mawili, akayashusha mbele ya karakana Ijumaa, na saluni nzima ikatoka kuyatazama. Mbegu zilikuwa na manyoya meupe, kama vifaranga. Bi Mwanaharusi akazitia mkono, akazichanganya na vumbi la mbao, akashindilia ndani ya ngozi mpya kwa mpini wa jembe. Alishindilia huku anaimba. Safari hii puta lilikuwa zito na lenye kushikamana, ukilisukuma linakataa kidogo kisha linakubali.

Vikengele alivipata Fordsburg, kwenye duka la Wahindi la mavazi ya ngoma: njuga za kufungwa vifundoni mwa wachezaji. Alizijaribu moja moja dukani akizisikiliza, mpaka mwenye duka akamuuliza kama ana binti mchezaji.

"Ninaye," alijibu. "Mnene, hana miguu."

Jumamosi hiyo puta la pili lilisimamishwa. Mshale wa kwanza ulipotoka, palikuwa na kimya kifupi, kisha mlio mzito wa ngozi, na juu yake njuga zikamwagika, *cheleng'*. Mshale ulikaa pale pale, umeingia hadi kiasi cha shibiri, ukatulia. Uwanja mzima ulipiga kelele. Luqman aliinama akamshika fundi mikono yote miwili.

Ilikuwa wakati wa kuchoma nyama ndipo Yasmin alipomwona mama yake amesimama peke yake kwenye mstari wa wapigaji, akiutazama upinde uliolazwa juu ya meza.

"Jaribu, Mama," alisema.

"Nijaribu nini? Hata puta lenyewe silioni. Naona doa la kahawia tu." Na ilikuwa kweli. Miaka ya kuinamia sindano ilikuwa imemwachia macho ya karibu, ya mbali yakafifia. Miwani ya kuonea mbali hakuwahi kununua.

Luqman alikuwa amesikia. "Ndiyo maana ya njuga, mama. Wapigaji wale wa zamani nao hawakuona mshale wao ulikotua. Walisikia."

Akampa upinde mwepesi wa wanafunzi, akamvisha pete ya pembe kwenye kidole gumba, akamwonyesha namna ya kukunja kidole kuushika upote, ile kamba ya upinde, na kuufungia kwa kidole cha shahada. Vidole vya Bi Mwanaharusi vilikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Alikuwa amevuta uzi wa nta kwenye ngozi tangu utotoni. Akavuta. Mshale wa kwanza ulikwenda anakojua Mungu.

"Kulia sana," alisema Yasmin kwa Kiswahili.

Bi Mwanaharusi aligeuka akamtazama. Yasmin aliyezaliwa hapa, aliyeongea Kizulu mtaani na Kiingereza darasani, aliyejibu Kiswahili cha mama yake kwa Kiingereza tangu alipoanza shule!

"Kulia sana," alirudia Yasmin, akitabasamu kwa haya. "Na juu. Rudi chini kidogo."

Alirudi chini kidogo. Ukapita kushoto. Yasmin akamwambia. Wakaendelea hivyo, mmoja anapiga kama yumo gizani, mwingine anamwelekeza, nyama ikipoa, hadi mshale mmoja ulipotoka vizuri kidoleni. Bi Mwanaharusi aliuhisi tofauti kabla haujafika. Na kule mbali, kwenye doa la kahawia, njuga zikalia.

Hakupiga kelele. Aliweka mkono kifuani. "Limeniitikia," alisema.

Kuanzia hapo Jumamosi karakana ilifungwa. Bango dogo la mkono liliandikwa, "Leo hatupo, tupo shambani", na wateja wakazoea. Habari za puta zilisambaa kwa wapiga mishale wengine: kikundi cha Lenasia kikataka lake, cha Durban kikataka mawili, na mwanamke mmoja Mkorea wa Pretoria akaja kuuliza kama anaweza kumtengenezea ubao wa shabaha wa kwao, mkubwa kama mlango, ulioegeshwa kidogo kama mtu anayepumzika. Kijana wa mbao akaufanya, Bi Mwanaharusi akaufunika ngozi nyuma usipasuke. Alipenda kusikia kila watu walipiga nini zamani. Wajapani, aliambiwa, walikuwa na mduara wa karatasi uliowambwa juu ya fremu, wanaupenda kwa sababu ya mlio wake unapotobolewa. "Kumbe kote huko," alisema, "watu walitaka kusikia."

Mwaka 2018 vikundi viliamua kukutana pamoja kwenye Sikukuu ya Urithi, Septemba, siku ambayo nchi nzima huchoma nyama. Luqman alikuja karakana na wazo jingine.

"Mama, safari hii tunataka boga."

"Boga la kupika?"

"La kupiga." Akaeleza kwamba huko Misri na Shamu, enzi za masultani wa farasi, boga liliwekwa juu ya mlingoti mrefu, na mpanda farasi alipita chini yake akipiga juu. Mara nyingine ndani ya boga walimtia njiwa. Aliyelipasua njiwa akaruka, alivishwa joho la heshima. "Sisi tutapiga kwa miguu, na mishale butu isiyo na ncha, isije ikamdondokea mtu."

"Na njiwa?"

"Njiwa tutamtafuta."

"Hutamtafuta. Njiwa amekosa nini?" Bi Mwanaharusi alikata shauri. Atashona boga la ngozi laini, alijaze ubuyu wa Zanzibar, peremende na vitambaa vya rangi. Ataacha mshono mmoja dhaifu ubavuni. Likipigwa vizuri litapasuka, na badala ya njiwa watoto watapata peremende.

Kazi hiyo ilimsumbua kuliko zote. Marthe alimkuta ameinamia boga, ameshona, amefumua, ameshona tena.

"Shida iko wapi?"

"Nataka kushona vibaya," alisema Bi Mwanaharusi, "na mkono unakataa."

Siku ilifika. Walikuja watu wengi kuliko walivyotazamia, wengine hawajawahi kugusa upinde, wamefuata harufu ya moshi tu. Mlingoti ulisimamishwa, boga juu yake, njuga chini ya boga. Watu wakapangwa nyuma, mbali na mishale iangukako. Joho lililetwa na kikundi cha Durban: jeusi, pana, lenye utepe wa dhahabu, likatundikwa mahali pa kuonekana.

Mpigaji wa kwanza alilikosa. Wa pili akalipiga sawasawa. Njuga zikalia, boga likachezacheza kama mtu aliyetekenywa, likatulia. Watu wakashangilia, wakangoja. Halikupasuka. Mwingine akalipiga, likaruka upande, likarudi. Bingwa wa Lenasia, mtu mwenye mabega kama mlango, alilipiga mara mbili mfululizo. Njuga ziliimba kama harusini. Peremende hata moja haikudondoka.

Watoto wakaanza kunung'unika. Wakubwa wakaanza kucheka.

"Nani alishona kitu hiki?" aliuliza yule bingwa.

Vidole vyote vikamwelekea Bi Mwanaharusi, aliyekuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Niliacha udhaifu ubavuni!" alipaza sauti. "Wallahi niliuacha!"

"Mama, hapo ndipo tunapopiga!"

Wakamvuta mbele naye apige. Alisimama, Yasmin kando yake akimwambia, "Juu, Mama, juu zaidi, sasa," na alipoachia, njuga zililia na uwanja ukalipuka kwa vifijo. Boga likacheza, likatulia. Limeshonwa, limekataa.

Mwisho wake ulikuwa hivi: walilaza mlingoti, na Marthe akatoa kwenye mkoba wake mkasi wa saluni, akaliinamia boga kama daktari, watoto wamemzunguka kwa kelele. Hata mkasi ulihangaika. Uzi ulipokatika, ubuyu mwekundu, peremende na vitambaa vilimwagika kwenye nyasi, na Marthe akapinduliwa na watoto akaanguka juu ya rundo lile, akicheka miguu juu.

Wazee wa vikundi walisogea kando kushauriana juu ya joho. Walizungumza muda mrefu mno kwa watu wanaozungumzia nguo tu. Kisha yule bingwa wa Lenasia akalitwaa, akapita mbele ya wapigaji wote, akasimama mbele ya Bi Mwanaharusi.

"Zamani lilivaliwa na aliyelishinda boga," alisema. "Sisi hatukulishinda. Alilishinda fundi wake mapema, tukiwa tumelala. Inama, mama."

Akainama. Joho lilimfika kwenye visigino na mikono ikamzidi. Kilio kilimjia, kikakutana na kicheko njiani, na hakujua atoe kipi kwanza. Yasmin alimkumbatia juu ya ile dhahabu. "Umependeza," alisema, naye akatafuta neno jingine la Kiswahili, asilipate, akalisema hilo hilo tena.

Kazi ya kuliosha na kulipunguza ingeweza kungoja. Hakulivua hata kwenye gari wakirudi. Gaston aliendesha, Marthe mbele, mama na binti nyuma, harufu ya moshi na ubuyu imejaa ndani, vioo vimeshushwa. Kwenye robot ya kuingia Rosettenville taa za barabarani zilikuwa nyekundu. Muuza karanga alikuja dirishani, akaliona joho jeusi lenye dhahabu, uso ukamchanua.

"Hongera, Mama! Umehitimu leo?"

Bi Mwanaharusi alijitazama. Kisha akaketi wima.

"Nimehitimu," alisema.

"Eish! Umesomea nini?"

Kabla hajajibu, Marthe alitoa kichwa dirishani. "Boga!" alisema. "Amesomea boga, na ni yeye wa kwanza darasani!"

Muuza karanga hakuelewa, lakini akawapa pakiti moja bure kwa ajili ya msomi, na taa ilipogeuka kijani Gaston hakuweza kuondoka mara moja, kwa jinsi walivyokuwa wakicheka, mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.